Sungura Aliyetulia Dukani Huenda Anaumwa

"Tazama sungura huyu alivyo mpole!" Kati ya dhana potofu kuhusu wanyama wanaouzwa madukani, hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu mnyama huachwa ateseke huku anasifiwa. Sungura ni windo. Akiumwa huficha, maana porini anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza. Mchungulie vizuri: amejikunyata pembeni, macho nusu wazi, anasaga meno kwa nguvu, nyasi kavu hajazigusa. Huo si upole, ni maumivu. Sungura akikaa kwa muda wa saa 12 bila kula, apelekwe kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa. Ndege nao ni vivyo hivyo: kasuku akionekana amefutuka manyoya na kuketi sakafuni mwa tundu, ujue kazidiwa.

Dhana nyingine ni kwamba samaki wa dhahabu hawadumu, kwa hiyo bakuli linawatosha. Ukweli ni kuwa akitunzwa vyema anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 na kupita sentimita 20 kwa urefu. Uchafu wake hutoa amonia, kemikali yenye sumu. Kwenye bakuli dogo lisilo na chujio amonia hujaa, mashavu yake ya kupumulia huungua, naye hupanda juu kutweta. Akifa, mtu hununua mwingine na kumtia kwenye bakuli lile lile.

Wengine wanaonunua mtoto wa mbwa dukani hutulizwa na cheti cha chanjo. Cheti kinaeleza sindano, hakielezi mama aliyezalishwa mfululizo anaishi wapi. Mtoto wa mbwa huzoea watu na dunia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14. Wiki hizo zikiishia kizimbani, woga unaweza kumfuata maisha yake yote.

Na wale wanaosema, "Nimemnunua ili nimwokoe"? Nawaelewa, moyo wao ni mwema. Lakini muuzaji haoni huruma hiyo, anaona mauzo; kizimba kinafagiliwa na mwingine analetwa. Ndiyo maana Ufaransa imezuia maduka kuuza mbwa na paka tangu Januari 2024, na England, tangu Aprili 2020, hairuhusu wafanyabiashara kuuza watoto wa mbwa na paka ambao hawakuwazalisha wenyewe. Ukimkuta mnyama mgonjwa dukani, piga picha, andika tarehe, uripoti kwa mamlaka ya mifugo. Kama unataka wa kufuga, anzia kwenye kituo kinachohifadhi wanyama waliotelekezwa.