"Maji" ya kwenye jiwe kavu: haidrojeni inavyoingia ndani ya fuwele

Ripoti ya maabara ikiandika "H₂O asilimia 4.5", usidhani kuna matone humo. Mara nyingi fuwele hiyo haina hata molekuli moja ya maji. Ina haidrojeni iliyoshikana na oksijeni ya fuwele yenyewe. Hesabu ndiyo inayoiita maji.

Jasi lina maji hasa: CaSO₄·2H₂O, asilimia 20.9 ya uzito wake. Tia chembe chache kwenye neli ya kioo na upashe polepole. Kabla ya nyuzi 150 za Selsiasi utaona umande ukishika sehemu ya juu ya neli, kule kwenye ubaridi, huku chembe zilizokuwa angavu zikigeuka nyeupe pe. Ulanga mweupe (muskovaiti) kwenye joto hilohilo hubaki ulivyo. Haidroksili yake, yaani OH, haidrojeni moja iliyoshikana na oksijeni moja, ina makao maalumu katika muundo, na kuing'oa kunahitaji nyuzi mamia kadhaa zaidi. Hapo haidroksili mbili hutoa H₂O moja, na oksijeni moja hubaki. Kwa hiyo 18 kwa 398, uzito wa fomula ya ulanga, ndiyo ile asilimia 4.5.

Olivini, madini ya kijani, ndiyo inayonivutia zaidi. Fomula yake, Mg₂SiO₄, haina nafasi ya haidrojeni, lakini olivini ya kutoka koti la Dunia, tabaka lililo chini ya ganda, hubeba kiasi kidogo, hadi sehemu mia chache kwa milioni. Siri ni chaji. Magnesi ikikosekana mahali pake, chaji chanya mbili zimepungua. Protoni mbili, yaani haidrojeni mbili zenye chaji chanya, huziba upungufu. Silikoni ikikosekana, zinahitajika nne. Kwenye kwatzi, alumini huchukua kiti cha silikoni na protoni moja hukaa kando yake, ikigombania nafasi hiyo na lithi na sodiamu. Protoni haielei katikati ya pengo: hushikamana na oksijeni moja ya ukingoni, umbali wa takriban nanomita 0.1. Muundo ukibadilika, uwezo wa kubeba haidrojeni nao hubadilika. Ringwoodaiti ina fomula ileile ya olivini iliyokazwa na mgandamizo mkubwa, na chembe iliyokutwa ndani ya almasi ya Juína, Brazil, ikaelezwa mwaka 2014, ilikuwa na maji ya takriban asilimia 1.5.

Kupima hufanywa kwa mionzi ya infraredi. Kata kibapa, kisha king'arishe pande zote mbili: nusu milimita hivi kwa olivini, mikroni makumi tu kwa ulanga, la sivyo mionzi yote itamezwa. Usisage, unga hujipaka unyevu wa hewani. Ondoa kwa asetoni gundi iliyoshikilia kibapa wakati wa kung'arisha, kausha kwenye oveni ya nyuzi 110 au zaidi kidogo, na upitishe nitrojeni kavu ndani ya kifaa. Tumia mwanga uliopolaraishwa, yaani unaotikisika upande mmoja tu, katika pande tatu zenye pembe mraba, kisha jumlisha ufyonzaji wa pande hizo.

Haidroksili ya olivini hutoa vilele vyembamba vya ufyonzaji, kwa mfano kwenye mawimbi 3,572 na 3,612 kwa sentimita. Ukiona kilima kipana kinachozunguka 3,400, hayo ni maji ya kwenye nyufa au vifuko vya kimiminika. Sogeza shabaha pengine. Vilele kati ya 2,850 na 2,960 ni gundi iliyobaki. Unene upime palepale mionzi inapopita: ukiandika mikroni 550 badala ya 500, jibu limepungua karibu sehemu ya kumi.

Pima kutoka kiini hadi ukingoni, si mahali pamoja. Protoni hutembea haraka ndani ya olivini yenye joto kali, hivyo iliyopanda na lava huweza kuwa imepoteza haidrojeni pembezoni huku kiini kikiwa bado nayo. Pia taja kanuni uliyotumia kugeuza ufyonzaji kuwa kiasi. Kwa olivini ileile, kanuni ya Paterson ya 1982 hutoa maji machache kuliko ile ya Bell na wenzake ya 2003, na msomaji asiyejua ipi imetumika hawezi kulinganisha namba zako na za mwingine.