Madigadi ya mbele na upepo wa ubavuni: kata mdomo, acha mkia

Lalamiko ninalolisikia sana kutoka kwa wanaopanda kaskazini, Isiolo kwenda Marsabit na Moyale, ni kwamba usukani unacheza. Hauchezi kwenye mashimo. Unacheza kwenye lami safi iliyonyooka, spidi tisini, upepo ukipiga ubavuni. Mtu anafika gereji akiwa tayari ameshaamua dawa: badilisha bearing, badilisha tairi, fungua shokapu. Wakati mwingine yuko sawa. Lakini kama pikipiki yenyewe ni ya jamii ya Kawasaki KLR650, Suzuki DR650, Yamaha DT au XTZ125, zile zenye madigadi ya juu iliyochomoza mbele kama mdomo wa bata, basi madigadi hiyo ni mshukiwa.

Upepo wa kule si wa kubahatisha. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu za Kenya kuna uwanda mrefu wa chini, na hewa inayotoka kusini-mashariki ikiingia humo inabanwa na kuongeza kasi. Ndiyo maana karibu na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Wastani wa kasi ya upepo pale ni takriban mita 11 kwa sekunde, yaani kama kilomita 40 kwa saa, na wastani maana yake kuna nyakati unazidi hapo. Ukipanda kwenda Marsabit, upepo huo unakujia kulia kwa nyuma na kukusogeza ukingoni. Ukirudi, unakujia kushoto kwa mbele, una nguvu zaidi kwa sababu unakwenda kukutana nao, na unakusukuma kulia, upande yanakotokea malori. Wengi hulalamikia safari ya kurudi, na wanadhani ni uchovu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua upepo wa kilomita 40 unaokupiga ubavuni kabisa. Ukiwa kwenye spidi 90, hewa inayokifikia chombo inakuwa na kasi ya kama 98, na inatoka pembeni kwa nyuzi 24 hivi. Ukishuka hadi 60, kasi hiyo inakuwa 72, lakini pembe inapanuka hadi nyuzi 34. Jumla yake ni kwamba nguvu ya ubavuni inapungua kwa takriban robo tu. Kupunguza mwendo kunasaidia, nakushauri upunguze, ila usitegemee kwamba theluthi moja ya spidi itaondoka na theluthi moja ya tabu. Isitoshe, magurudumu yakizunguka polepole pikipiki inapoteza sehemu ya utulivu wake wa asili.

Sasa kwa nini madigadi, kipande cha plastiki kisichofika hata kilo moja? Ni kwa sababu ya mahali ilipo. Upepo ukigonga tangi, mgongo wako au masanduku ya nyuma, unaisukuma pikipiki nzima. Ukigonga madigadi ya juu, unausukuma usukani. Madigadi hiyo imefungwa chini ya kile kipande kinachobana fimbo mbili za shokapu, kwa hiyo inageuka pamoja na usukani, na ncha yake imeutangulia mhimili wa usukani kwa karibu nusu mita. Nguvu ndogo kwenye ncha ya mkono mrefu inatosha kugeuza kitu ambacho kazi yake ni kugeuka kirahisi.

Kuna jambo hapa huwachanganya hata mafundi. Upepo ukitoka kulia, mdomo wa madigadi unasukumwa kushoto, na usukani nao unageuka kushoto kidogo. Yeyote aliyezoea kwenda kasi anajua, hata kama hajawahi kulisema, kwamba usukani ukisukumwa kushoto pikipiki hulala kulia. Kwa hiyo inalala kuelekea upepo unakotoka. Kwa kiasi kidogo hilo ni jema, maana ndivyo unavyopaswa kulala ili upepo usikupeleke. Lakini mdomo mrefu unazidisha kipimo. Pikipiki inalala kupita inavyohitajika, kisha upepo unakatika ghafla, labda lori limekukinga, labda umeingia kwenye mchongo wa kilima, na umebaki umelala bila kitu cha kuegemea. Unarekebisha, na upepo unarudi. Huko ndiko kucheza kwa usukani wanakokusema. Mwendeshaji naye akiogopa anakaza mikono, na upepo unaompiga kifuani unapita kwenye mikono hiyo moja kwa moja hadi kwenye usukani. Sasa ana madigadi mbili.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini nasisitiza kuhusu mkia. Ile sehemu ya madigadi iliyo nyuma ya mhimili wa usukani inasukumwa na upepo uleule, lakini inageuza usukani upande wa pili, kwa hiyo inapunguza kazi ya mdomo. Nimeona vijana wakikata mkia ili pikipiki ipendeze na kuuacha mdomo mzima. Wameondoa kilichokuwa kinawasaidia. Na mkia ndio unaokinga rejeta, au kipozea mafuta kwa DR650, dhidi ya matope na kokoto zinazorushwa na tairi.

Kabla sijagusa plastiki yoyote, kuna vitu naviangalia, na hapa nitapita haraka maana vimeandikwa kila mahali. Nainua gurudumu la mbele na kugeuza usukani polepole; ukikwama kidogo katikati, bearing za usukani zimekula mahali pake na hakuna madigadi itakayoziponya. Nashika fimbo za shokapu chini na kuzivuta mbele na nyuma kusikia kama kuna mchezo. Napima upepo wa tairi. Naangalia mzigo: madumu mawili ya mafuta na hema vikifungwa nyuma kabisa ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na chochote kitaliyumbisha. Na kwa ndugu zangu wa bodaboda: ondoeni mwavuli kabla hamjaniuliza habari za madigadi. Boxer na TVS mnazoendesha nyingi zina madigadi ya chini tayari. Ule mwavuli peke yake unabeba upepo kuliko madigadi zote zilizoko gerejini kwangu zikiunganishwa.

Vikiwa sawa hivyo vyote na usukani bado unacheza, kuna njia tatu.

Ya kwanza, ninayoianza karibu kila mara, ni kukata ile uliyonayo. Madigadi nyingi za aina hii ni za plastiki laini inayokatika vizuri kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Bandika utepe wa karatasi, chora mstari, pima pande zote mbili kutoka kwenye matundu ya boliti ili usikate mshazari. Punguza sentimita kumi kwanza, nenda ukaijaribu, kisha uamue kama unataka zaidi. Kona za mkato zifanye duara na uzipige msasa, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona kali. Gharama yake ni blade na jioni moja. Ubaya wake utauona siku ya mvua: tairi hurusha maji juu na mbele, halafu wewe mwenyewe unayapita. Taa itachafuka, na kioo cha helmeti pia.

Ya pili ni kununua madigadi fupi ya juu, ile ya mtindo wa supamoto, yaani pikipiki za matope zilizogeuzwa za kukimbizwa kwenye lami. Wenye KLR650 huko Marekani wameizoea sana, na kwa sababu inafungwa palepale pa zamani, mara nyingi kwa boliti nne za milimita 6, kazi ni ndogo. Ni nyembamba, ni fupi, nyingine zina matundu ya kupitisha hewa. Naipenda kwa mtu anayetaka pikipiki ionekane imetengenezwa na si imekatwa. Kwa upande wa upepo, tofauti yake na ile niliyoikata vizuri si kubwa, na huwa nawaambia wateja hivyo kabla hawajaagiza.

Ya tatu ni madigadi ya chini, inayokumbatia tairi na kufungwa kwenye miguu ya shokapu. Hii ndiyo yenye matokeo makubwa zaidi kwenye lami. Mdomo hauna tena urefu wa kushika upepo, tairi lenyewe linaikinga, na ule mtetemo wa plastiki unaousikia ukipita spidi mia unaisha. Kama pikipiki yako haitoki nje ya lami, usisome zaidi, weka hii.

Lakini madigadi ya juu haikuwekwa juu kwa urembo. Toka nje ya lami ya Marsabit siku mvua imenyesha kwenye ule udongo mweusi unaonata, na utaona tairi la mbele likivaa matope hadi linakuwa nene mara mbili. Kwenye madigadi ya juu, matope yana pa kwenda. Kwenye ya chini yanajazana katikati, yanakaza, na gurudumu linaacha kuzunguka. Likitokea kwa mwendo, unaruka juu ya usukani. Likitokea polepole, utakaa kando ya njia ukichokoa kwa fimbo, utembee mita hamsini, uchokoe tena. Kwa anayekata kutoka Laisamis kwenda ziwani siwezi kuipendekeza. Barabara ile ilitengenezwa upya kwa ajili ya kupitisha mitambo ya upepo, kilomita 208, lakini ni ya changarawe, na kokoto moja iliyobanwa kati ya tairi na madigadi inaweza kuipasua.

Ukiamua kuweka ya chini kwenye pikipiki isiyotengenezewa, utahitaji vishikio vya chuma. Vichongeshe imara: kishikio kinachotetemeka hukatika, na kipande kilichokatika huingia kwenye spoku. Madigadi ya chini hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo nafasi kati yake na tairi haibadiliki, lakini ukingo wake wa nyuma utasogelea fremu, bomba la ekzosi na rejeta shokapu zikibonyea. Kwa ya juu ni kinyume, tairi ndilo linaloifuata. Kwa vyovyote vile, usipime pikipiki ikiwa imesimama tu. Toa springi za shokapu, teremsha pikipiki hadi shokapu zifike mwisho, kisha geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Kwenye KLR650 ya 2008 na kuendelea, shokapu hizo husafiri sentimita 20. Huwezi kuzimaliza kwa kukalia tangi na kudunda. Kumbuka pia tairi jipya la meno makubwa ni refu kuliko hilo lililolika ulilopimia.

Wakati wa kufunga, usitupe zile bushi ndogo za chuma zilizomo kwenye matundu ya plastiki. Bila hizo boliti inaibana plastiki yenyewe, plastiki inalegea kwa joto, na baada ya wiki chache madigadi inatikisika. Hakikisha paipu ya breki na waya wa spidi vimerudi kwenye njia zake na havivutwi usukani ukigeuka.

Kujaribu nako kuna adabu yake. Tumia kipande kilekile cha barabara, mzigo uleule, na saa ileile. Upande wa Turkana upepo huwa mkali usiku na asubuhi kuliko alasiri, kwa hiyo aliyekwenda na madigadi ndefu alfajiri na kurudi na fupi saa tisa mchana hajalinganisha chochote. Pita kwenda na kurudi, shika usukani kwa vidole na si kwa ngumi, magoti yabane tangi. Kama usukani umetulia lakini pikipiki nzima bado inasogezwa pembeni, madigadi imeshamaliza sehemu yake. Anza kuangalia upana wa masanduku ya pembeni na urefu wa kile kioo cha mbele ulichokiongeza.