Dodoso likishatafsiriwa, kazi imekwisha?

Wengi hudhani dodoso la kupima wasiwasi wa wajawazito likishatafsiriwa Kiswahili sanifu, basi liko tayari. La hasha. Dodoso moja la aina hiyo, PRAQ-R, lenye asili ya Uholanzi, lilikuwa na swali la kuogopa kujifungua kwa kuwa mama hajawahi kuzaa. Mwenye watoto watatu angejibu nini? Toleo la PRAQ-R2, lililochapishwa 2016, liliondoa kipande hicho cha “hajawahi kuzaa” ili maswali yote 10 yamfae kila mjamzito. Na hapo tatizo halikuwa lugha! Mjamzito akijaza dodoso la wasiwasi wa kawaida, “moyo kwenda mbio” huweza kutokana na mimba yenyewe, si hofu. Ndiyo maana, kabla dodoso halijatumika, wajawazito huulizwa kwanza: swali hili umelielewaje?