Lupini mwitu haitaki samadi

Wengi wanaonunua mbegu za lupini, ua la jamii ya mikunde, kaskazini-mashariki mwa Marekani huondoka na mmea usio wa huko. Lupini mwitu ya mashariki, Lupinus perennis, huota yenyewe kwenye ardhi ya kichanga kuanzia Minnesota hadi New England, na kusini mpaka Florida. Ile iliyotanda kandokando ya barabara za Maine ni Lupinus polyphyllus. Asili yake ni magharibi mwa bara hilo na huko Maine ni mvamizi. Kwa hiyo soma jina la kisayansi kwenye pakiti kabla ya kulipa. Viwavi wa kipepeo buluu wa Karner, aliyeorodheshwa mwaka 1992 kuwa hatarini kutoweka, hula majani ya lupini mwitu tu.

Chagua mahali penye jua la kutwa na mchanga usiotuamisha maji. Usiweke samadi wala mbolea ya chumvichumvi. Hapo ndipo wakulima wazoefu hukosea: udongo ukinona, nyasi hustawi haraka na kuifunika miche. Udongo wa mfinyanzi nao huozesha mizizi, na chokaa hufanya majani yawe manjano.

Ganda la mbegu ni gumu, maji hayapenyi. Ukipanda masika, sugua mbegu kidogo kati ya vipande viwili vya msasa hadi ule mng'ao upotee, kisha zilowekwe usiku kucha. Asubuhi zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki ndogo na ngumu zirudishe kwenye msasa. Ukipanda mwishoni mwa vuli, acha kabisa kusugua na kuloweka, baridi ya majira itaifanya kazi hiyo. Mbegu iliyolowekwa huweza kuchipua mapema ikauawa na barafu.

Kabla ya kufukia, changanya mbegu zenye unyevu na unga wa bakteria wa lupini, wanaoishi mizizini na kuupa mmea naitrojeni. Unga wa maharage haufai, kwa kuwa kila kundi la mikunde lina bakteria wake. Jua huwaua, basi panda siku hiyohiyo, kina cha sentimita 1 hivi. Baadaye ng'oa mche mmoja dhaifu na upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha: kikiwa chekundu-waridi ndani, naitrojeni inapatikana. Kikiwa cheupe, bakteria hawafanyi kazi.

Panda pale pale utakapouacha mmea. Mzizi mkuu huzama mapema, na ukikatika wakati wa kuhamisha, mche hufa. Anayelazimika kutumia kitalu atumie vikopo virefu na ahamishe miche ingali michanga. Mwaka wa kwanza mwagilia mara moja kwa wiki kukiwa kikavu, ung'olee nyasi, na uizungushie miche waya kuzuia sungura. Maua hayaji mwaka huo, huja wa pili au wa tatu, Mei na Juni.

Baada ya kuzaa, majani hukauka katikati ya kiangazi. Mmea haujafa, usiung'oe.

Maganda yakikomaa hupasuka na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo yafunge kwa mfuko wa kitambaa yanapoanza kubadilika rangi. Mbegu hizo zina sumu: ziwekwe mbali na watoto, na kondoo wasilishwe mimea yenye maganda.

Kufyeka kungoje vuli, na ufyekaji uache shina la sentimita 15 hadi 20. Mayai ya kipepeo wa Karner hukaa majira yote ya baridi karibu na ardhi hapo hapo.