Kichwa kikubwa na mgongo wazi: "Tusubiri akue kwanza" inawaumiza watoto

Haya ni maswali ambayo wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa au mgongo wazi hutuuliza wodini na kliniki. Mengine yanafanana, na majibu yake yatafanana pia. Tumeyaacha hivyo makusudi.

Kichwa kikubwa ni nini?

Ndani ya ubongo kuna vyumba vinavyotengeneza maji masafi. Maji hayo huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa kurudi kwenye damu. Kwa mtu mzima hutengenezwa takriban nusu lita kwa siku. Njia ikiziba, au ufyonzaji ukishindwa, maji hujaa na kuukandamiza ubongo. Fuvu la mtoto mchanga bado halijaungana, kwa hiyo kichwa kinatanuka. Wapo wanaozaliwa nacho. Wengine hukipata baada ya maambukizi makali ya wiki za mwanzo, au baada ya damu kuvuja ndani ya ubongo, hasa watoto njiti.

Na mgongo wazi?

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga mapema sana, kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, mara nyingi maeneo ya kiunoni, neva zikiwa zimefunikwa na utando mwembamba tu au hazijafunikwa kabisa. Wengi wa watoto hawa hupata pia kichwa kikubwa, wengine baada tu ya mgongo kushonwa.

Mtoto bado mdogo mno. Si bora tusubiri akue, apate nguvu ya kuhimili upasuaji?

Hapana.

Hili ndilo swali linalotuletea watoto wa miezi minne ambao walipaswa kufika wakiwa na siku mbili. Mgongo wazi ambao haujafunikwa na ngozi hufungwa ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa, au angalau ndani ya siku tatu. Sababu ni moja: pale palipo wazi ni mlango wa vijidudu kwenda moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Homa ya uti wa mgongo ikishaingia, tunapigania uhai, na hata akipona anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Wadogo wanapewa nusu kaputi kila siku na wataalamu waliosomea kazi hiyo. Udogo si sababu ya kumrudisha nyumbani.

Lakini ananyonya vizuri, hana homa, halii ovyo. Hata hivyo tuharakishe?

Ndiyo, hata hivyo. Utulivu huo unadanganya. Mtoto wa miezi michache haonyeshi maumivu mapema kwa sababu fuvu lake linakubali kutanuka na presha inapata pa kupumulia. Wakati huo ubongo unazidi kuwa mwembamba kimyakimya. Dalili zinazowashtua wazazi, yaani kutapika, usingizi mzito, degedege, macho kushuka chini hadi weupe unaonekana juu ya mboni, mara nyingi huja presha ikiwa imeshakaa sana. Ukisubiri hizo, umechelewa.

Basi nitajuaje kwamba kichwa kinakua kupita kiasi?

Kwa kukipima. Futi ya fundi cherehani inatosha: izungushe juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, ipite kwenye sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili huwa na sentimita 33 hadi 37. Miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata kama 1, baada ya hapo nusu hivi hadi afikishe mwaka. Kikiongezeka sentimita 2 ndani ya wiki moja, usingoje kupima mara ya pili. Gusa na utosi akiwa ametulia na umemkalisha: ukiwa umevimba na kukaza, au mishipa ya kichwani imetokeza, nenda hospitali.

Na hapa niseme na wenzangu wa kliniki za watoto. Kadi nyingi zinatufikia uzito umejazwa kila mwezi na nafasi ya mzingo wa kichwa iko tupu. Kupima ni dakika moja, jamani.

Tumeshauriwa tujaribu dawa za majani mwezi mmoja, kisha ndipo tuje. Kuna ubaya?

Upo, na ni huo mwezi wenyewe. Hakuna jani, mafuta wala kukanda kunakofungua njia ya maji iliyoziba ndani ya ubongo. Hata vidonge vya kupunguza maji mwilini havitibu tatizo hili kwa watoto wachanga. Anayetaka kumwombea mtoto amwombee akiwa wodini. Laana na kurogwa pia tunavisikia. Vinampa mama aibu, naye anamficha mtoto ndani, na kichwa kinaendelea kukua humo humo alimofichwa.

Uvimbe wa mgongoni ukitobolewa si utanywea?

Utanywea, na mtoto anaweza kufa. Usitoboe. Usifunge uzi. Usipake kitu chochote, iwe unga, mafuta au majivu. Ndani ya uvimbe ule mara nyingi mna neva za miguu na za kibofu. Sheria ni hiyo hiyo kwa uvimbe wa kisogoni anaozaliwa nao mtoto, kwa kuwa huenda sehemu ya ubongo imo ndani.

Mlaze kifudifudi au kwa ubavu. Mhudumu afunike kidonda kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi ili pasikauke, ahakikishe kinyesi hakifiki, kisha safari ianze siku hiyo hiyo.

Upasuaji wa kichwa unafanywaje?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni shanti: mpira mwembamba wenye vali unapitishwa chini ya ngozi kutoka kwenye vyumba vya ubongo hadi tumboni, na maji yanafyonzwa huko. Ya pili haiachi mpira wowote mwilini. Daktari huingiza kamera nyembamba na kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia nyingine. Kwa watoto wachanga huweza pia kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Muunganiko huo uliendelezwa na daktari Benjamin Warf akiwa Mbale, Uganda. Utafiti uliofanyika Mbale na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha njia hizi mbili, na baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili ya watoto hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo usipoteze wiki ukizunguka kutafuta iliyo "bora". Daktari wa upasuaji wa ubongo ataangalia picha na umri, ataamua.

Kichwa kitarudi kuwa kidogo?

Kwa kawaida hapana. Upasuaji unazuia kisiendelee kutanuka, na mwili wa mtoto unakifikia taratibu. Kilichofika sentimita 60 hakitarudi 45. Ndiyo sababu nyingine ya kutosubiri: ukubwa utakaomleta nao ndio ambao huenda atakaa nao.

Akishonwa mgongo atatembea?

Inategemea neva zilivyokuwa kabla. Kushona hakurudishi neva iliyoharibika, kunalinda zilizobaki. Jeraha likiwa chini kabisa ya kiuno, wengi hutembea, wengine kwa viatu maalumu au magongo. Likiwa juu zaidi, kiti cha magurudumu. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakudanganya.

Mkojo unamvuja muda wote. Nepi si zinatosha?

Hazitoshi. Kibofu kisichomwaga vizuri hurudisha presha kwenye figo, na figo huharibika bila maumivu. Wengi huhitaji kutolewa mkojo kwa katheta safi, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu, kila baada ya saa tatu au nne. Mama anafundishwa, na mtoto akikua anajifunza mwenyewe. Omba katheta na glavu zisizo na mpira wa asili, kwani watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Miguu isiyo na hisia iangalie kila jioni. Maji ya moto yanaiunguza na mtoto halii.

Shanti imeshawekwa. Amepona?

Anaishi na shanti, na shanti huziba. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu huhitaji kurekebishiwa ndani ya mwaka wa kwanza. Akianza kutapika, kulala kupita kawaida, kulalamika kichwa, utosi ukivimba tena, au homa na wekundu kwenye njia ya mpira, ni hospitali leo, usiku huo huo ikibidi. Msimpe dawa ya malaria bila kipimo mkingoja kuona kesho. Mwambie kila daktari mtakayemwona, hata wa meno, kwamba mtoto ana shanti.

Nataka mimba nyingine. Nifanye nini?

Anza asidi ya foliki angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kila siku, uendelee hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, miligramu 4 au 5, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991 ulionyesha dozi ya miligramu 4 hupunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Ukianza vidonge kliniki mimba ikiwa na miezi minne, vitakusaidia kwa damu, lakini mfereji ule ulishafunga au ulishashindwa kufunga. Ukiwa unatumia valproeti kwa ajili ya kifafa, usiiache mwenyewe. Muone daktari akubadilishie kabla ya kushika mimba.