Leza haitakufundisha kulenga

Kila darasa jipya linapoanza, huwa kuna mwanafunzi anayeniuliza kabla hata hajashika bastola: "Mwalimu, nikifunga leza si nitakuwa nimemaliza kazi?" Swali lenyewe ni la haki. Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyepata leseni yake juzijuzi, amepitia msasa wa Bodi ya Leseni za Silaha hapa Kenya, ametumia pesa nyingi, na sasa anataka uhakika kwamba siku ya shida hatakosea. Jibu langu ni hapana, na nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu jibu hili linagusa maisha ya watu wasiohusika, wale wanaosimama nyuma ya kile unachokilenga.

Leza ya bastola ni kitaa kidogo kinachofungwa chini ya mtutu au kwenye mpini. Kikirekebishwa vizuri, nukta yake ya mwanga hukuonyesha mtutu umeelekea wapi wakati huo. Lakini risasi haiendi pale mtutu ulipoelekea wakati ulipoamua kufyatua. Inakwenda pale mtutu ulipoelekea wakati risasi inatoka. Kati ya nyakati hizo mbili kidole kimefanya kazi yake, na kwa mpigaji mgeni hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Chukua Glock 17, bastola ambayo wengi mmewahi kuiona. Ikiwa na magazini tupu, yaani kile kibebeo cha risasi, ina uzito wa takriban gramu 700. Kifyatulio chake kinahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 2.5. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu inayozidi mara tatu uzito wa chombo chenyewe. Kama mpini haujashikwa sawasawa, au kidole kikavuta kwa pembeni badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, bastola itageuka. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, vile vichomozo viwili vya kulengea vilivyo juu ya bastola, kuna milimita 165 hivi. Ukikipotosha kile cha mbele kwa milimita moja tu, risasi inapotea kwa sentimita 6 ukiwa mita 10, na kwa sentimita 15 ukiwa mita 25. Milimita moja! Leza haiwezi kuizuia hiyo milimita. Itakuonyesha nukta ikiruka, basi, na kufikia hapo risasi imeshaondoka.

Kwenye karatasi ya shabaha kosa hili lina sura yake. Mpigaji wa mkono wa kulia anayekurupusha kifyatulio, yaani kukivuta kwa ghafla, hupiga chini, upande wa kushoto. Mwanafunzi akiniletea karatasi yenye matundu yaliyojazana kona hiyo, sihitaji kuwa nilimwona akipiga. Mara nyingi yeye huwa ameshaamua kwamba vilengeo vimepinda, na yuko tayari kununua kifaa.

Hapo ndipo ninapotoa risasi bandia. Najaza magazini mwenyewe, nikichanganya risasi halisi na zile zisizo na baruti, mwanafunzi akiwa ametazama pembeni ili asijue mpangilio. Ya kwanza inalia, ya pili inalia. Ya tatu ni bandia: unasikika mlio mkavu wa "ta", na mdomo wa bastola unainama kuelekea ardhini kama vile umesukumwa. Hakuna kishindo wala teke. Ni mwili wake tu uliotarajia teke na kulijibu kabla halijaja. Wote waliosimama nyuma wanaona, naye anaona. Sijapata njia nyingine inayomfunulia mtu tatizo lake haraka na kwa uwazi kama hii. Dawa ni kuvuta kifyatulio polepole, kwa mkazo unaoongezeka bila kukatika, mpaka mlio wenyewe uje bila kuuita.

Sasa mpe mpigaji huyohuyo leza. Mkono wa binadamu hautulii, hata wa bingwa. Ukitazama kupitia vilengeo, mtikisiko huo unaonekana kidogo na unajifunza kuuvumilia. Leza inauchukua na kuuchora wazi kwenye ubao ulio mita 10 mbele yako, nukta inacheza huku na huku, na mwanafunzi anapata wasiwasi. Anaanza kuivizia: anasubiri nukta ipite katikati, kisha anakivuta kifyatulio kwa ghafla ili aiwahi. Huko ndiko kukurupuka tunakopambana nako. Kifaa alichokinunua kimtibu kimemzidishia ugonjwa.

Halafu kuna jua. Leza nyingi za bei nafuu ni nyekundu, za nanomita 635 hadi 650 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), na jicho la mtu mchana huona vizuri zaidi mwanga wa kama nanomita 555, ulio kijani-manjano. Ndiyo maana leza ya kijani, ya 520 hadi 532, huonekana kali zaidi hata ikiwa na nguvu ileile. Lakini simama renji, uwanja wa kulengea shabaha, saa sita mchana chini ya jua letu la ikweta, ubao mweupe mbele yako, kisha uitafute nukta nyekundu. Utamwona mtu ameinua kichwa, ameishusha bastola kidogo, macho yanahangaika ubaoni. Sekunde zinapita. Vilengeo vyake viko palepale juu ya bastola, havihitaji betri, ila yeye havioni kwa kuwa hajazoea kuvitazama.

Tena leza haikai kwenye mstari mmoja na mtutu. Tuseme iko sentimita 4 chini yake na umeirekebisha ikutane na risasi mita 10. Ukiwa mita 5, risasi itapiga sentimita 2 juu ya nukta. Ukiwa mita 25, itapiga sentimita 6 chini yake, bila kuhesabu kushuka kwa risasi yenyewe. Si makosa makubwa, ila ni lazima uyajue, na anayeyajua ni yule aliyefanya mazoezi.

Watu wengi waliiona picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024: mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, macho yote mawili wazi. Yeye na Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha kwenye bastola ya hewa ya mita 10, timu ya mchanganyiko. Katika mchezo huo leza hairuhusiwi wala lenzi juu ya bastola, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Vifaa vilivyotumika ni vilengeo viwili vya chuma, kidole kinachotii, na miaka ya mazoezi.

Sisemi leza ni takataka. Mtu aliyevuka miaka 40, ambaye macho yake hayashiki tena kitu kilicho umbali wa mkono, anapata nafuu ya kweli kwa nukta iliyo kule mbele. Aliyeumia bega na hawezi kuinua bastola hadi usawa wa jicho anapata pia. Gizani nukta inaonekana vizuri sana, ingawa hapo nina onyo zito: nukta haimulikii mtu uso. Nimeona wanafunzi wakiweka nukta juu ya kivuli na kuhisi wamemaliza kulenga, ilhali hawajajua kama kivuli hicho ni mwizi au ni mtoto wa nyumbani anayekwenda kunywa maji. Kwa usiku, nunua tochi nzuri kwanza.

Na iko kazi moja ambayo leza inaifanya vizuri kuliko mwalimu yeyote, nayo ni mazoezi ya bastola tupu. Risasi zote zitoke chumbani, siyo zisogezwe mezani. Magazini itolewe, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, na ukuta unaoulenga uwe wa mawe au matofali imara. Washa leza, iweke ukutani, vuta kifyatulio. Nukta ikiruka kifyatulio kinapoachia, umeona kosa lako papo hapo bila kumaliza hata risasi moja. Kisha izime leza, weka sarafu ya shilingi kumi juu ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, karibu na kilengeo cha mbele, vuta tena. Sarafu ikibaki, rudia. Ikianguka, legeza kidole na uanze upya.

Kwa darasa langu utaratibu ni huo: vilengeo vya chuma mpaka matundu yote yaingie kwenye karatasi yenye ukubwa wa kiganja ukiwa mita 7, hata nikichanganya risasi bandia. Baada ya hapo anayetaka leza alete, tutairekebisha pamoja, na tutairekebisha tena kila betri inapobadilishwa, maana kifungio kikishaguswa nukta inaweza kuwa imehama.