Kutoa Bonge la Damu Kwenye Ubongo: Ukubwa wa Kifaa Una Uzito Gani?

Bonge hutolewaje bila kupasua kichwa?

Daktari huingiza mrija mwembamba, yaani katheta, kupitia mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono, akiusogeza hadi penye ateri (mshipa unaopeleka damu ubongoni) iliyoziba na kuleta kiharusi, huku akiufuatilia kwa eksirei. Akifika, hulinyonya bonge kwa katheta, au hulinasa kwa stenti, yaani kimrija cha wavu kinachotanuka, na kulivuta nje. Wengi huzitumia njia zote mbili pamoja.

Kwa nini madaktari wajali sehemu ndogo ya milimita?

Kwa sababu nguvu ya kunyonya hutokana na eneo la mdomo wa katheta, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Pampu ya kunyonyea ina kikomo chake, kwa hiyo kinachobaki kuongezwa ni upana. Chukua katheta ya milimita 1.5 na nyingine ya 1.8. Kwa macho zinakaribia kufanana, lakini ya pili hulivuta bonge kwa nguvu iliyozidi kwa takriban asilimia 44, pampu ikiwa ileile. Tena mdomo mpana huweza kulimeza bonge zima, ilhali mwembamba hulimegua, na vipande vikakimbilia mbele kuziba mishipa midogo zaidi.

Ndiyo maana bonge kutoka lote kwa mvuto wa kwanza ni jambo kubwa mno. Kila jaribio la ziada huuchubua mshipa na kula muda, na katika kiharusi cha ateri kubwa ubongo hupoteza seli za neva zinazokadiriwa kufikia milioni 1.9 kila dakika.

Basi si itumike kubwa kuliko zote?

Hapana. Ateri ya kati ya ubongo, pale inapoanzia, ina kipenyo cha milimita 2.5 hadi 3 hivi, na matawi yake ni membamba zaidi. Katheta pana huwa ngumu kupinda; hukwama kwenye kona, na ikilazimishwa huweza kuutoboa mshipa, damu ikavujia ubongoni. Stenti nazo hupimwa: ya milimita 6 hufaa ateri kubwa, ya 4 hufaa iliyo nyembamba, na iliyo fupi mno huliachia bonge refu.

Hata kifaa kidogo kinachofika mbali si jibu la kila mahali. Majaribio mawili ya mwaka 2025, ESCAPE-MeVO na DISTAL, hayakuonyesha kwamba kutoa bonge kwenye mishipa ya ukubwa wa kati kulizidi matibabu ya kawaida.

Je, ndugu wa mgonjwa achague kifaa?

Hilo ni la daktari, akishaona picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa. Ninyi mwelezeni daktari saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Sindano ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kutoa bonge kwa kifaa hufanyika zaidi ndani ya saa 6, na kwa wagonjwa wengine hadi 24, picha zikionyesha bado kuna sehemu ya ubongo ya kuokoa.